Muulize Dada Rehema: Tulikuwa meza moja naye, mbona hatukuona?

*Shikamoo Dada Rehema. Sisi ni kundi la marafiki, wanaume kwa wanawake, na tukitoka huwa tunatoka pamoja. Kwenye sherehe moja hivi karibuni mwenzetu wa kike alilewa sana. Mwanaume tusiyemjua akaja, akamnyanyua, akachukua na mkoba wake, wakaanza kuelekea mlangoni. Tuliokaa naye tulimtazama kabisa, tukaendelea na stori zetu. Aliyewazuia ni rafiki yetu asiyekunywa, tena alikuwa upande wa pili wa ukumbi. Sasa wasichana wa kundi hawatuamini tena. Huyo aliyelewa nampenda kama dada yangu wa tumbo moja. Je, ni pombe iliyotufumba macho, au hatujali tu? Na inabidi sote tuache kunywa?*
*Kaka wa Meza ya Kona*

Marahaba, mdogo wangu. Huyo asiyekunywa mpe salamu zangu, tena za heshima. Na kabla sijaenda mbali, mwenye kosa ni yule aliyeshika mkoba. Rafiki yenu hakukosea kulewa, na mtu aliyelewa hadi ananyanyuliwa kitini hawezi kutoa ridhaa, hata kama ataitikia kwa kichwa.

Kwamba hamjali, siamini. Mwaka 1990 wanasaikolojia Claude Steele na Robert Josephs walieleza kwamba pombe hubana umakini wa mtu. Aliyelewa hushika kile kinachompigia kelele usoni: muziki, kicheko, stori iliyonoga. Vitu vidogo vya pembeni, kama miguu ya mtu isiyokanyaga sawasawa au mkoba ulio kwenye mkono usio wake, vinampita. Macho yenu yaliona. Akili haikupata nafasi ya kuuliza, "Huyu ni nani, na anampeleka wapi?"

Wanasaikolojia wengine wawili, Bibb Latané na John Darley, walianza kuchunguza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa nini mashuhuda husaidia au husimama tu. Walionyesha kuwa msaada hupitia hatua: kuona, kutambua kuwa ni hatari, kujiona unahusika, kujua la kufanya, kisha kulifanya. Walionyesha pia kwamba watu wakiwa wengi hutegeana. Kila mmoja pale mezani alimtazama mwenzake, akamwona anacheka, akaamini mambo ni shwari. Ongeza chupa juu ya kutegeana huko, na unapata meza nzima ya watu wema waliokaa kimya.

Kinachonigusa zaidi ni jaribio la Ruschelle Leone na Dominic Parrott wa Chuo Kikuu cha Georgia State, Marekani. Waligundua kuwa pombe ilizuia msaada hata kwa wanaume waliokuwa na nia kubwa ya kumsaidia mwanamke. Kwa hiyo wewe na upendo wako wa dada wa tumbo moja msijipe matumaini kwamba upendo utawaamsha saa saba usiku. Hautawaamsha. Uamuzi ufanyike mapema, kabla ya chupa ya kwanza kufunguliwa.

Si lazima wote muache. Ila mmoja asinywe kabisa, na atajwe kwa jina mapema, kila mtu akisikia. Aliyekunywa "mbili tu" hatufai kwa kazi hii. Na msimtwike yule yule asiyekunywa kila mara, yeye pia amekuja kufurahi, pokezaneni zamu. Kazi yake ni kujua nani yuko wapi, simu yake iwe na chaji, na hakuna aliyelewa anayeondoka na mtu asiyekuja naye. Akisema "hapana", usiku huo hakuna kubishana naye.

Nilisimama nyuma ya kaunta miaka mingi kabla ya kushika kalamu hii, na ninachomfundisha kila mlinzi na mhudumu ni hiki: usihangaike kumsaka mwanaume mlevi. Mtazame anayemtazama mlevi. Anamjazia mwenzake glasi huku yake haipungui. Anamjibia maswali. Anakaa katikati yake na rafiki zake. Anamshikia simu. Kathryn Graham na wenzake walikwenda kwenye baa na klabu za Toronto kuangalia haya kwa macho yao. Walikuta kwamba ukali wa mwanaume katika kumsumbua mwanamke ulikwenda na kiwango cha ulevi wa mwanamke, wala si cha mwanaume mwenyewe. Nikisoma hayo, namwona mtu anayechagua. Kwa hiyo "alikuwa amelewa, hakujua anachofanya" ni utetezi ninaoukataa.

Jambo jingine: pombe kwenye damu huweza kuendelea kupanda hata baada ya mtu kuweka glasi chini, na kahawa haiishushi. Aliyewaaga akitembea mwenyewe anaweza kuwa hajiwezi akifika kwenye gari. Msitulizwe na "mbona alikuwa anatembea vizuri".

Na ukiona jambo wakati wewe mwenyewe umelewa? Usiende kupigana. Mlevi akimkabili mtu, ugomvi unakuwa wa wanaume wawili na dada wa watu anasahaulika. Mwite huyo dada kwa jina lake, mwambie mwenzake anamtafuta, kisha kamwambie mlinzi au mhudumu. Uingereza kulianza mwaka 2016, huko Lincolnshire, utaratibu wa mteja kwenda kaunta na kumuulizia "Angela", na mhudumu anaelewa kuwa anahitaji msaada. Ukumbi wowote unaweza kuwa na neno lake.

Kuhusu wasichana wenu, msiende na samahani mikono mitupu. Nendeni na mpango huu, na zamu ya kwanza uishike wewe.

*Dada, nikimzuia mtu halafu aniambie "huyu ni mke wangu", uso nitauweka wapi?*
*Mwenye Haya*

Usimuulize yeye, ndugu yangu. Muulize mwanamke: "Umekuja na nani? Huyu anaitwa nani? Unataka kwenda naye?" Akishindwa kujibu, hawezi kukubali chochote, awe mke au mchumba. Ita mhudumu, muwatafute aliokuja nao.

Na hutakuwa peke yako kama unavyoogopa. Watafiti waliotazama picha za kamera za mitaani za Amsterdam, Lancaster na Cape Town, ugomvi 219 hadharani, walieleza mwaka 2020 kwamba katika visa 9 kati ya 10 alikuwepo angalau mtu mmoja aliyeingilia. Mgeukie wa karibu, umnyooshee kidole: "Kaka wa shati la bluu, njoo tusimame hapa." Akishatajwa, hategei tena.

Ikiwa ni mkewe kweli, na mwanamke mwenyewe akakuambia kwa akili timamu kwamba anataka kwenda, sema samahani, uwapishe.