Familia za Wachongaji wa Tabaka

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimeviona vinyago vya mawe ya Kisii vikiuzwa hapa Kisumu. Je, ni kweli kwamba kinyago kimoja hupitia mikononi mwa familia nzima? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Ni kweli, ndugu msomaji. Huko Tabaka, eneo la Kisii yanakochimbwa mawe hayo, kwa kawaida baba na wanawe huchonga jiwe likiwa bado na unyevu, wakitumia panga, patasi na kisu, kisha mama na mabinti hulisugua kwa msasa na maji hadi lilainike, ndipo lipakwe nta ling'ae. Kazi hiyo ya kusugua, ambayo wanunuzi wengi huisahau, naiona kuwa sanaa kamili. Elkana Ong'esa, ambaye sanamu yake ya ndege iko makao makuu ya UNESCO jijini Paris, alitoka katika ukoo wa wachongaji wa Tabaka.