Maswali yenu: kazi za mkataba za IT huku unaishi kwenye RV (gari-nyumba)

Swali: Nipo Marekani, nimeshanunua RV, nataka niachane na boksi. Kontrakti za IT natafuta wapi?

Ndugu yangu, umeanza na gari, ulitakiwa uanze na kazi. Wanaofanikiwa kwenye maisha haya wengi wao waliondoka na mkataba mkononi, na mara nyingi mkataba wenyewe umetoka kwa bosi wa zamani au mtu waliyekaa naye timu moja, siyo kwenye matangazo ambayo watu mia wanayagombania. Kwa hiyo kaa chini uwaandikie wote uliowahi kufanya nao kazi, na usiandike "naomba kazi yoyote", hiyo hakuna anayejua aifanyie nini. Andika hivi: "Nahamisha database kwenda AWS (seva za kukodi za Amazon), nipo huru kuanzia Machi, mkataba wa miezi mitatu mpaka sita." Mtu akisoma hapo anajua akuunganishe na nani. Kama hujawahi kufanya IT popote, RV iache kwanza, tafuta kazi ya kukaa ofisini hata mwaka mmoja au miwili, maana mteja hawezi kumwamini mtu asiyemwona na asiye na historia.

Swali: Kwenye fomu niandike anwani gani na mimi nahamahama?

Wengi huchukua anwani Texas, Florida au South Dakota, majimbo ambayo hayatozi kodi ya mapato. Escapees, klabu ya wana-RV, wana huduma ya kupokea barua kule Livingston, Texas, na wana-RV wameitumia miaka mingi. Ila msidanganyane kwamba kodi ndo imeisha, ukikaa California ukapiga kazi ukiwa hapohapo, California wanaihesabu hela hiyo kuwa imepatikana kwao. Na nyie wenye green card, ukihama una siku 10 tu kuwajulisha uhamiaji kwa fomu AR-11, naona wengi mnapuuza.

Swali: Nichukue 1099 (unalipwa kama uliyejiajiri) dola 50 kwa saa au W-2 (unalipwa kama mwajiriwa) dola 45?

W-2, hasa kama ina bima. Kwenye 1099 ile asilimia 15.3 ya Social Security na Medicare (makato ya pensheni na matibabu ya uzeeni) unaibeba yote mwenyewe, bima ya afya juu yako, ukiumwa hulipwi, na kodi unailipa mara nne kwa mwaka: Aprili, Juni, Septemba na Januari. Mtu anaona 50 anachekelea, Aprili anaanza kukopa.

Swali: Starlink, ile intaneti ya setilaiti, inatosha?

Inatosha pakiwa wazi juu. Chini ya miti mikutano itakatika tu, kwa hiyo uwe na laini ya simu ya kampuni nyingine, na siku ya interview hamia mahali ulipokwisha jaribu intaneti jana yake.

Swali: Nina visa ya kazi ya H-1B, naweza kuchukua kontrakti za pembeni nikiwa barabarani?

Hapana. Visa hiyo imefungwa kwa mwajiri na kwa eneo la kazi. Nimeshalijibu hili mara nyingi mno, tafadhali ongea na wakili wa uhamiaji kabla hujaharibu makaratasi yako.

Swali: Nimwambie mteja kuwa naishi kwenye RV au ninyamaze?

Mwambie. Siyo lazima iwe sentensi ya kwanza, ila kabla ya kusaini ajue unazunguka majimbo, maana kuna mikataba inakataza laptopu kutoka nje ya nchi na wewe wikiendi umeshavuka Mexico nayo. Kujificha na VPN (programu inayoficha ulipo mtandaoni) ni kutafuta kufukuzwa.

Swali: Kuna jamaa mtandaoni ananilipa kila mwezi nimtunzie laptopu za kampuni ziwe zimewashwa tu kwenye RV yangu, kazi anafanya yeye. Ni salama?

Dada, zima hizo mashine leo hii na utafute wakili. Mwaka 2025 mwanamke mmoja wa Arizona alifungwa miezi 102 kwa kazi ya namna hiyohiyo, aliweka nyumbani kwake laptopu za makampuni ili wafanyakazi wa Korea Kaskazini waonekane wapo Marekani, na makampuni yaliyodanganywa yalizidi 300. Anayekulipa hutamwona mahakamani, utakayeitwa ni wewe. Wala usimkopeshe mtu jina lako, namba yako ya Social Security au akaunti yako ya LinkedIn, hata awe mtoto wa shangazi.