Kwa nini puti ya sumaku huimeza sumaku polepole?

Swali: Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari. Nilipoweka sumaku ndogo kando ya bonge la puti ya sumaku, yaani kinyunya laini cha kuchezea kinachovutwa na sumaku, bonge lilijivuta taratibu hadi likaifunika kabisa. Wanafunzi wameuliza nishati hiyo inatoka wapi na kama haiishi. Je, puti hii ina manufaa nje ya mchezo, na ni salama kuwapa waishike?

Jibu: Mwalimu, waeleze kwanza kwamba ndani ya bonge lile mna vitu viwili vyenye kazi tofauti. Unga wa chuma, au mara nyingi wa oksidi nyeusi ya chuma iitwayo magnetaiti, ndio unaovutwa. Silikoni iliyoubeba ndiyo inayoamua mwendo. Kutu ya kawaida, ile nyekundu, haifai kwa kazi hii kwa sababu huvutwa kwa udhaifu mno.

Chembe za unga huo ni ndogo sana, na kabla ya sumaku kukaribia hazielekei upande mmoja, kwa hiyo bonge halivuti kitu. Sumaku inapokaribia, uga wake, yaani eneo linalofikiwa na nguvu yake, huzigeuza chembe hizo kuwa sumaku ndogondogo, na kila moja huvutwa kuelekea mahali ambapo uga una nguvu zaidi, ikiikokota silikoni inayoizunguka. Kwa kuwa uga hupungua upesi kadiri umbali unavyoongezeka, bonge lililo mbali kidogo huonekana kama halijali, ilhali lililosogezwa karibu hunyoosha ncha yake kuifuata sumaku. Hata likishaigusa halitulii, maana sehemu za nyuma bado zinaweza kusogea karibu zaidi. Hutiririka pande zote mpaka sumaku ibaki karibu katikati.

Upole wa mwendo huo unatokana na silikoni, na kwangu hapa ndipo penye somo lenyewe. Mmoja wa wanaotajwa kuwa wagunduzi wa puti ya silikoni ni James Wright wa kampuni ya General Electric nchini Marekani, ambaye mwaka 1943, katika utafiti wa kupata kibadala cha mpira wakati wa Vita Kuu ya Pili, alichanganya mafuta ya silikoni na asidi ya boriki. Atomi za boroni huishikiza minyororo mirefu ya silikoni kwa viungo vya muda, vinavyoachia na kushikana upya bila kukoma. Ukiivuta puti polepole, viungo hupata nafasi ya kuachia, nayo hutiririka kama kimiminika kizito. Ukiivuta kwa ghafla nafasi hiyo haipo, nayo hukatika, na ukiitupa sakafuni hudunda. Wanafunzi wanaweza kulithibitisha hili kwa kupima muda wa kumezwa kwa sumaku, mara moja kwa puti ya joto la kawaida na mara ya pili kwa puti iliyotoka kwenye jokofu, ambayo itachukua muda mrefu zaidi kwa sababu mnato wake umeongezeka.

Kuhusu nishati, hakuna inayozaliwa bure. Bonge lililo mbali na sumaku lina nishati tuli, kama jiwe lililoinuliwa juu ya ardhi. Linaposogea, nishati hiyo hugeuka kuwa joto kidogo sana kwa msuguano wa ndani, na mwendo husimama. Ili kurudia jaribio ni lazima uichomoe sumaku kwa vidole, na kazi unayoifanya wakati huo ndiyo inayolipia safari inayofuata.

Puti yenyewe hutumika zaidi kwa mchezo na kufundishia, na sioni haja ya kuikuza kupita hapo. Jamaa zake ndio walioingia kazini. Mafuta yenye chembe za chuma, ambayo Jacob Rabinow alianza kuyafanyia kazi Marekani katika miaka ya 1940, huwa mazito ndani ya milisekunde uga unapowashwa, na leo hutumika katika shokomzoba za baadhi ya magari. Mwaka 2022, watafiti wa Hong Kong walionyesha ute wenye chembe za sumaku unaoweza kuongozwa kutoka nje, ukapenya katika nafasi finyu na kuvizingira vitu vidogo, kwa matumaini ya kuutumia siku moja kutoa kitu kilichomezwa.

Kwa usalama, hatari kubwa iko kwenye sumaku kuliko puti. Sumaku mbili za neodimiamu, zile ndogo zenye nguvu sana, zikimezwa huweza kuvutana kupitia kuta za utumbo na kuzitoboa, kwa hiyo anayeshukiwa kuzimeza apelekwe hospitali mara moja, bila kusubiri dalili. Tumia sumaku moja kubwa isiyomezeka kwa kila kundi, zihesabu kabla na baada ya kipindi, na mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo asizikaribie.