Jibu: Sala kwenye kikao cha bodi ya chuo cha umma, Marekani

Ndugu, umeuliza kama bodi ya chuo cha umma huko Marekani inaruhusiwa kufungua kikao kwa sala. Mahakama zao haziimbi wimbo mmoja. Mwaka 2014, kwenye kesi ya mji wa Greece, New York, Mahakama ya Juu iliruhusu sala za baraza la mji kwa kura 5 dhidi ya 4. Lakini 2018 mahakama ya rufaa iliikatalia bodi ya shule za Chino Valley, California: wanafunzi walikuwa wakihudhuria, na wajumbe wengine walishahubiri na kusoma Biblia kikaoni. Chuoni wanafunzi ni watu wazima, hivyo hoja ya watoto inalegea. Kinachonikera mimi ni mjumbe wa kuchaguliwa anayegeuza sala kuwa kampeni.