"Vijisenti": kujishusha au dharau?

Swali: Mwaka 2008 Andrew Chenge, wakati huo Waziri wa Miundombinu wa Tanzania, aliulizwa kuhusu zaidi ya dola milioni 1 zilizotajwa kuwamo katika akaunti yake kisiwani Jersey, akaziita "vijisenti". Magazeti yalimshukia. Naona yalimwonea, maana hata mama ntilie husema ana vijisenti zake. Je, neno hili lina dharau?

Jibu: Inategemea nani anasema, juu ya nini, mbele ya nani. Mama ntilie anayesema "nina vijisenti vyangu, nataka niongeze meza moja" anajishusha, na pengine anajikinga na wakopaji. Ndivyo tunavyomkaribisha mgeni kwenye "kijumba" chenye vyumba sita.

Lakini litazame umbo lake. Kwenye kijiti na kijito, ji inahitajika kwa kuwa mzizi ni silabi moja tu. Kijitabu nacho kinaihitaji, kwa sababu kitabu kina ki tayari. Senti haina shida hiyo. "Visenti" ingetosha, na wapo wanaosema hivyo. Ukiongeza ji umekipunguza kitu mara ya pili, kama tunavyofanya kwa makusudi kwenye vijisababu na vijineno.

Kujishusha kunapokewa vizuri pale unapopunguza kilicho chako bila kumgusa anayekusikiliza. Chenge alikuwa anajibu kuhusu fedha zilizoibuka katika uchunguzi wa Uingereza juu ya rada ambayo Serikali ya Tanzania ilinunua kutoka BAE Systems, kampuni ya silaha ya Uingereza, kwa fedha za umma. Alikana kuhusika na rushwa, na hiyo ilikuwa haki yake. Ila dola moja ilikuwa zaidi ya shilingi 1,000, kwa hiyo hizo zilipita shilingi bilioni 1. Mkulima wa pamba kule Bariadi, ambako Chenge alikuwa mbunge, akisikia bilioni ni vijisenti, mauzo yake ya msimu mzima atayaitaje? Magazeti hayakupotosha lugha. Yalisikia walichosikia wasomaji wao. Angesema tu "fedha hizo ni zangu, nilizipata kihalali", mjadala ungebaki kwenye fedha. Aprili hiyo hiyo alijiuzulu uwaziri, na jina la "mzee wa vijisenti" likamganda.

Kuhusu sentensi yako: si "vijisenti zake". Senti ni zake, lakini zikishapewa viji- zinahama ngeli: vijisenti vyake, vijisenti hivi, vijisenti vilivyobaki.