Mimi ningewashusha Kibigori

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii ni hili: "Ukikabidhiwa wageni hamsini na treni ya zamani kwa siku moja, utawaonyesha nini cha enzi ya mkoloni?" Nimekulia landi za reli pale Muhoroni, baba akiwa kwenye gengi la kutengeneza njia, kwa hiyo jibu langu halikuhitaji kutafutwa.

Najua wengi watataja kasri la Lord Egerton, mlowezi wa Kiingereza, huko Njoro. Jumba ni jumba: vyumba 52, ujenzi ulianza 1938 ukaisha 1954, na mwenyewe akafariki 1958. Niliwahi kwenda na wenzangu wa kanisani, na mwongozaji tuliyemkodi mjini akatumia saa nzima kutusimulia jinsi bwana huyo alivyokataliwa na mwanamke. Tukacheka, tukapiga picha. Ardhi ile ilikuwa ya nani kabla yake? Hilo hatukulisikia, na mimi mwenyewe sikuuliza.

Treni yangu ingeng'oa nanga Nakuru alfajiri. Kutoka hapo hadi Kisumu ni kilomita 217 za reli nyembamba, ya upana wa mita moja. Njoro, Elburgon na Molo tungezipita wageni wakinywa chai. Penye Mau Summit, zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari, ndipo ningeomba kimya, maana baada ya hapo treni inaanza kuteremka kwa madaraja ya chuma juu ya mabonde yanayotia kizunguzungu. Ningewaambia kwamba Wahindi wapatao 32,000 waliletwa kwa mkataba kuijenga reli hii tangu Mombasa, na karibu 2,500 walikufa. Watu hupenda hadithi ya simba wa Tsavo, lakini maradhi na ajali viliua wengi kuliko simba.

Kipkelion tusingekaa. Ningewatajia tu kwamba stesheni hiyo iliitwa Lumbwa, jina ambalo wageni waliwabandika Wakipsigis, na kwa sikio la Mswahili lina mbwa ndani yake.

Kibigori sasa. Hapa wote wangeshuka, wasimame kando ya mataruma, watazame kaskazini ilipo miinuko ya Nandi. Wanandi walipambana na Waingereza kwa takriban miaka kumi. Walikata nyaya za simu wakatengenezea mapambo, wakang'oa boliti za reli wakafulia silaha. Mwaka 1905, tarehe 19 Oktoba, Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wao, yaani kiongozi wao wa kiroho, aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, na Richard Meinertzhagen, ofisa wa jeshi la Waingereza, akamuua kwa risasi. Baadaye Wanandi wakaondolewa kwenye ardhi iliyopakana na reli. Leo mgeni akipita anaona miwa, anasema bonde zuri.

Baba alikuwa akitembea na spana ndefu begani, akikaza boliti moja baada ya nyingine. Siku moja nilimpelekea chakula, akanionyesha moja iliyolegea, akasema, "Hizi, mwanangu, kuna watu walizing'oa wakiwa na akili zao timamu." Mshahara wake ulitoka kwenye reli hiyohiyo. Sikumwelewa mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Kisumu tungefika jioni. Reli ilifika hapo Desemba 1901, na bandari ikaitwa Port Florence kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi, aliyepiga msumari wa mwisho. Jina la Kisumu lilikuwepo kabla yake, la mahali pa kubadilishana vyakula. Na siku hiyo Kisumu haikuwa Kenya, ilikuwa upande wa Uganda, ikahamishiwa huku 1902. Anayeshangaa kwa nini iliitwa Reli ya Uganda ilhali iliishia hapa, jibu ni hilo.

Kisha ningewapeleka ukingoni mwa ziwa. Treni ilipofika, meli ilikuwa imeshatangulia: SS William Mackinnon, iliyoletwa vipande vipande kutoka pwani, wapagazi wakiibeba kwa miguu, ikaungwa hapa Kisumu na kuingia majini 1900. Anayetaka picha ya ukumbusho apigie hapo, akiwa na mzigo kichwani. Mfuko wake wa safari utatosha.

Msomaji, Muhoroni