Mwanangu, kuhusu hicho kinanda

Mwanangu,

Wa alaikum salaam. Meseji yako ya Ijumaa niliiona, sikujibu kwa sababu haya si mambo ya kujibu kwa kidole kimoja na samaki yuko motoni. Umesema mjukuu wangu yuko Gredi ya 9, shule inataka achague njia ya kwenda nayo Gredi ya 10, yeye anataka sanaa na michezo, babake ameng'ang'ania STEM, hiyo ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, na wewe uko katikati unafikiria umnunulie kinanda cha kweli na umtafutie mwalimu ama usubiri kwanza. Ati "Mama, wewe ulijuaje nani wa kusukumwa na nani wa kuachwa?"

Sikujua. Ningekomea hapo lakini unanijua.

Taishokoto huikumbuki vizuri, ulikuwa mdogo. Ile ala ya nyuzi ya mjomba wangu wa Kibokoni, ina vitufe kama taipureta, asili yake Japani lakini Mombasa tulishaifanya yetu, nani atasikia taarab ya Juma Bhalo asiijue. Mjomba alianza kuipiga tangu zamani za redio ya Sauti ya Mvita, na alipozeeka akahamia kwetu nayo, akawa kila baada ya magharibi anailaza mkekani, mkono wa kushoto kwenye vitufe, wa kulia anakwangua nyuzi kwa kipande cha plastiki alichokikata kwenye jagi lililovunjika. Hakumfundisha mtu. Akimaliza anaiacha papo hapo, anakwenda zake msikitini isha. Basi kakako, miaka tisa hiyo, anaingia kama paka. Mi niko jikoni nasikia vitufe vinatafutwatafutwa, hivi, hapana, hivi, na baada ya wiki tatu nasikia wimbo, wimbo mzima, ule wa kwenye kanda niliyoinunua duka la Mbwana Radio. Wallahi mahamri yaliungua.

Na hapo ndo nilipoharibu, manake nilifurahi kupita kiasi. Nikamtafutia mwalimu Ganjoni, kila Jumamosi asubuhi, na ada yake nikaitoa kwenye cherehani, nashona nguo za watu mpaka saa saba usiku. Nikabandika ratiba kwenye mlango wa friji. Mgeni akija hata chai hajaionja, "hebu muiteni mtoto aje apige". Mjomba ananitazama tu, siku moja akaniambia "Muache kidogo", nikamjibu wewe mambo yako ya kizamani (Mungu anisamehe, nilimjibu hivyo mbele ya watu).

Kisha ile harusi ya binti wa shangazi yako, ile uliyotapika biriani garini. Usiku wa kina mama nikamvisha kanzu mpya, nikamkalisha mbele ya wanawake sijui mia ngapi, mtoto wa miaka kumi. Akaanza vizuri. Katikati vidole vikapotea, akarudi nyuma, vikapotea tena, na wale wanawake kwa huruma zao wakapiga vigelegele kumsaidia, na vigelegele ndo vilivyommaliza. Hakulia. Alinitazama mimi tu, na mpaka leo nikifumba macho naliona lile jicho.

Asubuhi yake akaitia taishokoto kwenye foronya, akapiga fundo, akampelekea mjomba chumbani. Ikaisha. Leo anaendesha kreni pale bandarini, watoto wake wanasoma, nyumba anayo, sina la kulalamika. Lakini.

Mi nasema siku zote, kitu cha mtoto kiachiwe mtoto. Wewe ulipona kwa sababu mi hesabu sijui. Ulikuwa unalala kifudifudi sakafuni na daftari lako, nachungulia sielewi hata mstari mmoja, sasa ningemuita mgeni aje aone nini? Nikawa nakuwekea chai naondoka. Leo kampuni nzima inakungoja wewe ndo ijue imepata faida ama hasara. Kwa hivyo ukiniuliza nilikutia moyo vipi, nilikutia chai.

Ila usiku najibishana peke yangu. Nasema kiachiwe mtoto, mbona mjomba alikuwa anakohoa? Kakako akikosea sauti, mzee huko barazani anakohoa, mara moja tu, na mtoto anarudi anatafuta mpaka anapata. Kukohoa si kufundisha? Na huyo Juma Bhalo mwenyewe, mashairi mangapi alitungiwa na jamaa yake Ahmad Nassir, sasa angezaliwa kwenye ukoo usio na mshairi je? Kwa hivyo sisemi mtoto aachwe kama mbuzi wa Majengo. Kuna mahali kati ya kukohoa na kualika wageni, na mi nilipapita mbio nikifukuzia sifa. Tena zangu, si zake. Imenichukua miaka thelathini kuyasema hayo, usiyapeleke kwa kakako.

Babake mtoto usigombane naye. Mwambie tu hiyo sanaa na michezo ni njia kamili kama hizo mbili nyingine, STEM na sayansi ya jamii, si jalala la walioshindwa, kisha umuache ameze taratibu. Kuhusu kinanda, ununue usinunue, mi sisemi. Nimeapa kutosema. (Ningekuwa mimi nisingenunua sasa hivi, lakini sijasema.)

Juzi tulivuka feri ya Likoni na kakako, tulikuwa tunakwenda kuhani. Tumesimama, watu wamebanana, yeye kimya kama kawaida yake, natupa jicho naona vidole vya mkono wa kushoto viko juu ya chuma vinabonyeza, vinaruka, vinarudi. Nikavifuata. Wimbo ni uleule. Unajua mdomo wangu ulivyo, lakini nilinyamaza mpaka ng'ambo.

Disemba mje. Foronya iko juu ya kabati chumba cha nyuma, mjomba aliniachia mimi, nyuzi mbili zimekatika na zilizobaki zina kutu, nishaanza kuulizia fundi. Ntailaza mkekani tu. Mtoto usimwambie kitu, na wewe usije na simu yako ya kurekodi.

Mamako